Ukuta wa Wilf

Asubuhi baada ya Wilf Thiessen kupasuliwa moyo, mkewe Marlys alikuwa akimpangusa uso kwa kitambaa cha maji. Kitambaa kilikauka kabla hakijafika shavuni. Akakichovya tena.

"Hana kijidudu chochote," daktari alisema. "Damu yake ilipita kwenye mashine wakati wa upasuaji, mwili ukaiona kama adui. Sasa unajipiga wenyewe. Figo zimeanza kulegea. Joto lisiposhuka tutampoteza."

"Mtafanya nini?"

"Tunampa dawa, tunasubiri mwili uchoke kupigana."

Mchana, theluji ya juu ya paa iliyeyuka, upana wa kitanda chake tu. Kisha ukuta wa kando yake ukapata moto, kutoka juu hadi chini. Wauguzi walisogeza kitanda kidogo ili rangi isibabuke, wakaendelea na kazi.

Kesho yake Marlys alishuka kutafuta chai, akakuta watu nje wameegemeza migongo ukutani. Jiji lote la Winnipeg lilikuwa limeganda kwa baridi, na makao ya wasio na nyumba yalikuwa yamejaa. Mmoja wao, Lyle, alikuwa akikausha soksi kwenye matofali.

"Mzee wa moyo ni wako?" aliuliza. "Mwambie asante. Jana nimelala kama bwana harusi."

"Naomba apoe, kaka."

"Omba, mama. Sisi huku tunaomba asipoe haraka."

"Koma, Lyle," mwanamke aliyekaa pembeni yake alisema. "Mume wa mtu anaungua."

"Najua anaungua. Unadhani mimi napashwa na nini?"

Marlys alirudi juu, akapiga magoti kando ya kitanda. Kila alipotaka kusema "mpoze," aliwaona wale watu chini. Mwishowe alimtajia Mungu jina la mumewe tu, akarudia, akarudia.

Jumapili joto lilishuka. Walipomtoa bomba kooni, Wilf alimtazama mkewe, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Umekonda, mwanamke. Hawakupi chakula huku?"

Marlys alicheka, akalia, akashukuru. Kisha akashuka.

Barafu ilikuwa imekwisha kutanda kwenye matofali. Wengine walikuwa wameondoka. Lyle alikuwa akikunja blanketi.

"Kapona?"

"Amepona."

"Mungu asifiwe," Lyle alisema, na alimaanisha. Alilitia blanketi kwapani, akayatazama madirisha ya juu. "Kesho hakuna mwingine wa kupasuliwa?"

Marlys alisema atamuulizia.