Viwekeo vya Dirisha la Tatu

Jumamosi asubuhi Karani alitandaza magazeti kwenye meza ya jikoni, akapanga vigae sita vilivyobaki walipotengeneza bafu, akaanza kukata sare yake ya kazi. Lilikuwa shati la buluu la posta, lililokaa kabatini miaka minne likinuka dawa ya nondo. Mama mkwe alitaka viwekeo vya vikombe ili chai isiache alama za maji kwenye meza yake mpya ya sebuleni, na vya dukani vilikuwa ghali mno kwa kitu cha kukaliwa na kikombe.

"Kata tu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Nguo isiyovaliwa ni chakula cha nondo."

Sare hiyo Karani aliivua siku mama mkwe alipoteguka nyonga. Mume wake alimwomba akae nyumbani kwa muda, mpaka Mama apone. Mama alipona baada ya miezi mitano, na sasa huruka kamba na watoto wa jirani, tena huwashinda. Ule muda tu ndio haukupona. Karani alilipenda dirisha lake la tatu pale posta, alikohudumia wateja, alilipenda hasa, na kila mwaka aliuliza kama arudi. Kila mwaka mume wake, mtu mpole asiyejua kufoka, alimjibu, "Tutaongea."

Akapaka gundi, akalaza kitambaa juu ya kila kigae, akakinyoosha kwa mgongo wa kijiko mapovu yatoke. Vanishi akapaka mara mbili. Chini akabandika vipande vya blanketi kuukuu ili vigae visikwaruze meza. Kigae kimoja kilipata kipande cha shati chenye kifungo, naye hakuwa na moyo wa kukikata.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, viwekeo vyote sita vilishuka mezani vikaenda kazini. Kwa sababu ya blanketi, havikupiga kelele. Mume wake alikuwa akinywa chai. Alinyanyua kikombe kukipisha kimoja.

"Vinaenda wapi?"

"Posta. Tunafungua saa mbili."

"Haya. Visichelewe."

Havikuchelewa. Vilijipanga kwenye dirisha la tatu, ambalo lilikuwa halijafunguliwa tangu Karani aondoke, na foleni ikajigawa yenyewe. Msimamizi alitazama saa ya ukutani, akaridhika, akaweka chai yake juu ya kimoja. Saa kumi na moja jioni vilirudi nyumbani vina wino wa mihuri pembeni. Kufika Ijumaa, kile chenye kifungo kilikuwa kimepandishwa cheo, kikahamia meza ya msimamizi.

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na vikombe vyao.

"Nyumba hii haijawahi kulea mvivu," mume wake aliwaambia wageni, kifua mbele.

Karani alicheka kuliko wote. Wageni walipoondoka akamuuliza, "Na mimi je? Si niende navyo?"

Mume wake alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mke wangu, utakaa wapi? Dirisha la tatu limeshapata watu."

"Ni sare yangu ile."

"Najua. Tutaongea."

Ikabaki shida moja ndogo. Mashoga wa mama mkwe huja saa nne asubuhi, wakati viwekeo viko kazini, na meza ikaanza tena kupata alama. Karani akaombwa atengeneze vingine.

"Ila safari hii kata pazia," alisema mama mkwe.

Akakata pazia la jikoni, lenye maua ya manjano. Vimependeza sana, kila mgeni anavisifu, na havijawahi kusogea hata kufika mlangoni.

Vile vya buluu Karani huvifuta wino kila asubuhi, akakinyoosha kile kifungo, akavifungulia mlango. "Kazi njema," anaviambia. Vikifika kizingitini husimama vyote sita, vikamsubiri kama dakika moja hivi. Kisha huenda, maana posta inafunguliwa saa mbili.