Nati ya Kalamu ya Scola

Kipande cha tatu nacho kikaharibika Jumatano, na harusi ni Jumamosi.

Nilikitoa kwenye mashine ya kukereza, nikakivalisha kile kichuma cha mbele cha kalamu, nikapitisha kidole kwenye maungio. Upande mmoja mti umepanda juu ya chuma, upande wa pili umezama. Kalamu imelewa. Nikaitupa kwenye maranda na kusema maneno ambayo si ya kusema mbele ya mchungaji.

Binti yangu Scola alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Baba, nitasaini na kalamu yoyote tu. Hata ya dukani."

"Hutasaini na kalamu yoyote."

Mti wenyewe ni mkahawa wa mama yake. Marehemu mke wangu Edina alipanda mstari mzima wa miti ya kahawa kule kijijini Isansa, akaumwagilia kwa ndoo kichwani. Wakaja watu wa kupima barabara na rangi yao nyekundu, wakasema mstari huo uondoke. Edina hakujua kusoma. Wakampa fomu, akabonyeza dole gumba, kama alivyobonyeza siku tuliyofunga ndoa. Miti ikakatwa. Barabara hiyo mpaka leo hata toroli halijapita. Mwaka uliofuata Edina akafa, na sikumwona mkubwa hata mmoja kuja kutoa pole. Mimi niliokoa shina moja. Likanipa vipande vinne vya maana. Edina alikuwa akisema Scola hatabonyeza dole, ataandika jina lake. Basi ataliandika kwa mkahawa ule. Vipande vitatu nimeshaviua, kimebaki kimoja.

Lawama zangu nilizipeleka kwa Makene. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha maseremala hapa Tunduma, mtu wa koti na mhuri. Mradi ulipoleta mashine, yeye ndiye aliyegawa vifaa, na mimi akanipa mandreli. Ni chuma chembamba, kama spoku nene ya pikipiki. Unakivisha nusu mbili za kalamu, unakaza nati mwishoni, vyote vinazunguka pamoja. Kipande cha kwanza kilipoharibika nikajua tu: nzuri amewapa jamaa zake, mbovu kanitupia mimi, Enoka.

Nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta nyingine. Muuza vyuma vya mtumba akanitolea mbili.

"Shikulu," akaniita, yaani babu, "zote za Sauzi hizi. Chagua."

Mimi si mjinga. Niliomba kipande cha kioo, nikazibiringisha juu yake. Moja ikaenda inadunda, nyingine ikateleza kimya. Nikachukua iliyoteleza. Nayo ndiyo iliyoniharibia kipande cha pili na cha tatu.

Kwa hiyo Jumatano hiyohiyo nikachukua mandreli zote mbili nikaenda kwa Anyelwisye, fundi anayechonga vyuma vya malori kule kwenye gereji.

"Mwenyekiti ametuletea takataka," nikamwambia, "na ng'ambo nako wameniuzia takataka."

"Leta nione, baba Scola."

Kwenye meza yake kulikuwa na kioo cha dirisha la lori. Akaibiringisha ile ya Nakonde. Tik, tik, tik.

"Imepinda katikati."

"Si nimekwambia?"

"Ulipoinunua ilikuwa imepinda?"

Nikamsukumia ya Makene, akaibiringisha. Tik, tik, tik.

"Hebu funga hapa nione unavyokaza."

Akanipa vipande viwili vya mti wa ovyo. Nikavisha, nikatia nati, nikashika spana, nikavuta. Nikaegemea kidogo. Nati ikalia. Mimi nimefunga matairi ya malori mpakani miaka ishirini na mbili, na nati ya tairi isipolia ujue bado.

Anyelwisye alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee wangu! Unafunga tairi la semi! Hii kalamu inabeba shaba mpaka Dar?"

Mafundi wa jirani wakasogea. "Muulizeni kama ameijaza na upepo!" mmoja akasema.

"Ikilegea je?" nikauliza. Sikuona cha kuchekesha.

"Ikilegea mti utasimama, utaongeza kidogo kwa vidole. Lakini ukiibana hivyo, chuma hakina pa kwenda, kinabonyea katikati. Mti unazunguka umekaa upande, patasi inakula huku inaacha kule."

Akachukua ile ya Makene, akakata sehemu iliyopinda, akabakiza fupi iliyonyooka, akaichonga meno mapya ya nati. "Kereza nusu moja, ukimaliza weka ya pili. Siku nyingine ukichagua, chagua fupi. Ndefu ni ya mwenye mkono mwepesi, na wewe mkono huo huna."

Nilirudi moja kwa moja kwenye karakana ya kikundi. Makene alikuwepo, anagonga mhuri makaratasi.

"Mwenyekiti, kwa nini hukutuambia kwamba nati haikazwi na spana?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Nilisema siku ya mafunzo, Enoka. Kabla hatujafika mbali ulitoka nje. Ulisema huwezi kukalishwa dawati na mvi zako."

Kweli nilitoka. Waligawa makaratasi, kila mtu akainama kusoma, na mimi hata kichwa cha habari kilinishinda. Ningekaa nifanye nini, nitazame picha? Lakini aliniona natoka. Angenifuata nje aniambie kwa mdomo. Mwenyekiti ni wa kazi gani?

Ijumaa umeme ulikuja saa nne. Nikavisha nusu ya kwanza ya kipande cha mwisho. Nikatia nati kwa vidole mpaka ikagusa, nikapapasa meza kutafuta spana. Haipo. Nikageuka. Scola amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Lete."

"Vidole tu, baba."

"Nusu mzunguko."

"Hata robo. Anyelwisye kanipigia simu."

Nikawasha mashine. Mti ulikwama mara moja, nikaongeza kwa vidole, ukaenda. Sikusikia ule mgongano wa siku zote. Maranda yakatoka marefu, ya rangi ya maziwa, yakaanguka kwenye viatu vyangu. Nusu ya pili nayo hivyohivyo. Nilipounganisha na vichuma vyake nikafumba macho, nikapitisha kidole kuzunguka. Sikujua mti umeishia wapi na chuma kimeanzia wapi. Nikampa Scola. Alipitisha kidole pale pale, akaanza kulia, nikamwambia aende akapike.

Jumamosi, mbele ya kanisa zima, aliandika majina yake matatu taratibu mpaka mchungaji akatazama saa. La katikati ni Edina.

Nje, Makene akaja na koti lake, akaiomba kalamu aione. Akaigeuzageuza.

"Safi. Ulitumia mandreli ipi?"

"Ile mbovu uliyonipa."

Akacheka, akaanza kuzungusha kichwa cha kalamu ili ncha irudi ndani. Ilikwisha kurudi, naye bado anakaza tu. Nikamnyang'anya.