Wafuasi Elfu Mbili na Bibi Coleta

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Bibi Coleta amesimama uani, kitenge amekifunga kifuani, anapepeta ulezi. Anauinua ungo, anautikisa, upepo wa Juni unachukua makapi na kuyapeleka uani kwa jirani. Kisha anagundua kwamba namtazama kupitia simu, anacheka, pengo lake la mbele linaonekana. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo, na kwa muda mrefu hakuna iliyonitesa kama hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu pale Sumbawanga mjini, na likizo ile mama alinipeleka kijijini Mwimbi kwa mama yake nikasaidie mavuno. Nikasaidie wapi! Mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na mimi nikahamia huko. Kabla ya uji, kichuguuni. Baada ya uji, kichuguuni. Bibi akinituma maji, ndoo ilikaa mlangoni mpaka akaichukua mwenyewe, na goti lake lile bovu.

"Unafanya nini huko juu, mama? Unafukuza ndege?" aliniuliza siku moja.

"Nina wafuasi, Bibi. Elfu mbili."

Aliacha alichokuwa akifanya. "Wafuasi? Yesu mwenyewe alikuwa na kumi na wawili, na mmoja wao akamuuza. Sasa hao elfu mbili wanakufuata mpaka wapi?"

Nilicheka, nikamwambia hataelewa. Leo najua hakuwa anatania. Alitaka jibu.

Video ya ungo niliiposti Jumatatu. Chini yake niliandika, "Bibi yangu, Sumbawanga." Ningeandika Iringa, pengine nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nchi nzima ina utani wake kuhusu mji wetu na uchawi, na ungo ndio huo mkononi. "Huo unaruka saa ngapi?" mmoja aliuliza. Nikamjibu, na jibu lile nalikumbuka kuliko majibu ya mitihani yangu yote: "Saa sita kamili, wahini siti!" Watu wakavunjika mbavu. Kufika jioni waliotazama walikuwa elfu arobaini, nami moyo ulikuwa unanidunda kwa raha. Niliyeanza kumfanya bibi yangu mchawi ni mimi. Wengine walifuata.

Jumatano mtu alikata uso wa Bibi kutoka kwenye video na kuupaka macho mekundu. Alhamisi mwingine akaandika jina la kijiji, akaongeza kwamba vikongwe wa aina hiyo dawa yao inajulikana. Nchi hii imezika vikongwe kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyotokana na moshi wa jikoni, kwa hiyo nilielewa vizuri alichomaanisha. Nilifuta video, lakini ilikwisha kusambaa. Nikawa sili, silali. Kila nilipoiweka simu chini nilitaka kujua wameandika nini, na kila nilipoisoma nilijichukia zaidi. Bibi alinipikia uji wa ulezi ule ule, nikashindwa kuumeza.

Jumamosi alasiri niliiacha simu juu ya kichuguu, nikaanza kutembea. Sikuwa na pa kwenda. Nilipita mashamba yaliyovunwa, nikavuka kijito, nikapanda kilima cha mawe, upepo ukinipiga mbavuni. Nilidhani kila mtu angekuwa na nafuu kama mimi nisingekuwepo, na sikuwa na nia ya kurudi. Nasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu yeyote. Juu kabisa nilikaa kwenye jiwe nikalia kwa sauti, na katikati ya kilio nikasikia kandambili.

Bibi alikuwa anapanda. Mkono mmoja ameuweka gotini, mwingine umeshika sweta langu. Huyu ni mtu ambaye njiani kwenda kisimani alipumzika mara mbili.

"Bibi, unafanya nini huku?"

"Nakufuata." Akahema kwanza. "Ulisema wako elfu mbili. Nimetazama njia nzima, sijaona hata mmoja. Nikasema basi, ngoja niende mimi."

Akanivisha sweta kama mtoto mdogo, mkono mmoja baada ya mwingine. Kisha akafungua pindo la kitenge, akatoa simu yangu. "Na hawa umewasahau kichuguuni."

Nilimweleza yote, hata lile la siti. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Akaomba aione video. Ilikuwa bado imo kwenye simu. Aliitazama mara mbili, ameishika mbali na macho.

"Neno hilo la dawa ni baya," alisema. "Hata mimi limenitisha. Kesho tukitoka kanisani tutakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Utamwambia ulichoandika, mimi nitakaa pembeni yako." Akanirudishia simu. "Lakini hapa nimepepeta vizuri."

Tulishuka polepole, yeye ameniegemea, au mimi nimemwegemea yeye.

Mbele ya mwenyekiti nilisema yote. Naye akasema na kijiji, na wiki ile majirani walikuja kwa zamu kumsaidia Bibi kupura ulezi, wakakaa naye mpaka jua likazama. Mama, aliyeitwa na Bibi, alikuja Jumatatu, akanipeleka kwa muuguzi mmoja mjini, Atusaye, ambaye kwa miezi mitano alinisikiliza bila kuniharakisha. Kwake ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba akili nayo huugua, na hupona. Nikaanza kulala. Simu, ambayo Mama aliichukua, nilirudishiwa baadaye, kwanza kwa saa chache kwa siku, kisha moja kwa moja. Hao wote nawashukuru, na nimewaambia kwa mdomo wangu.

Imepita miaka saba. Kila Juni naomba likizo kazini niende Mwimbi, na Jumapili naongozana na Bibi kwenda misa ya kwanza. Njia ni nyembamba, hivyo yeye hutangulia na fimbo yake, mimi huja nyuma, sweta lake mkononi, maana asubuhi hulikataa na njiani hulitaka. Jumapili iliyopita, tulipofika kwenye mteremko, aliniita bila kugeuka.

"Sharon. Leo nina wafuasi wangapi?"

"Mmoja, Bibi."

"Mwambie akaze mwendo. Kengele imeshalia."