Aliyeshika Usukani

Mwongeli alianza kumshuku mdogo wake Muoki hata kabla ya ajali. Kila Jumamosi Muoki alikuja kwake mtaani Umoja kuchukua gari, Vitz ya kijivu, ili ampeleke baba yao, mzee Nzomo, kliniki ya macho. Jioni alilirudisha likiwa limeoshwa, na hilo la kuoshwa ndilo lililomkera Mwongeli. Muoki alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kuingia kwa watu na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Tangu lini akajali usafi wa gari?

Halafu kulikuwa na kiti cha dereva. Mwongeli alikikuta kimesogezwa mbele sana, karibu na usukani, na Muoki alikuwa mrefu kuliko wote nyumbani.

"Muoki, hii gari unampatia nani?"

"Hakuna mtu, siz. Ni mimi na mzee tu."

"Na kiti?"

"Nilikuwa nafagia chini yake. Kwani unanishuku?"

"Nauliza tu."

Lakini alikuwa akimshuku. Alidhani Muoki amempa rafiki gari abebe abiria wa kulipa. Wakati wa kukata bima, ajenti alikuwa amemweleza wazi: gari ni la matumizi ya nyumbani. Anaweza kumwazima mtu yeyote mwenye leseni halali, lakini likigeuzwa teksi, au likishikwa na asiye na leseni, kampuni itamwachia mzigo yeye mwenye gari. Mwongeli, karani katika duka la vitambaa Eastleigh, aliyaelewa maneno hayo vizuri. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alitoa ufunguo. Angemwambia nini baba yake? Kwamba apande basi, na macho yenyewe hayaoni ngazi?

Siku hiyo, mchana, simu ililia akiwa kazini.

"Siz, kuja huku kwetu Ziwani," Muoki alisema. "Tumegonga mtu. Yuko hai."

Alipofika alikuta Vitz imekumbatia nguzo ya stima, bonet imekunjika, na sukuma wiki zimetapakaa barabarani. Mwanamke aliyegongwa, muuza mboga aitwaye Apondi, alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali. Mzee Nzomo alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, mkono kifuani, bila koti lake. Muoki alisimama na polisi, leseni mkononi, akieleza kwa sauti kubwa.

"Ni mimi nilikuwa naendesha. Mama alivuka ghafla."

Mwongeli alichungulia ndani ya gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho.

"Baba, umeumia?" aliuliza.

"Kidogo tu."

"Ilikuwaje?"

Mzee alimgeukia Muoki kwanza, ndipo akajibu. "Muulize mdogo wako."

Mwongeli alimpeleka baba yake zahanati. Daktari alipomwinulia shati, alama ya mkanda wa gari ilionekana wazi, nyekundu inayoanza kuwa zambarau. Ilianzia bega la kulia ikashuka hadi mbavu za kushoto. Mwongeli aliitazama muda mrefu. Yeye mwenyewe akifunga mkanda anapoendesha, huuvuta kutoka mlangoni, juu ya bega la kulia. Anayekaa kando ya dereva huuvuta kutoka kushoto.

Alimfungia baba yake vifungo vya shati mpaka cha juu kabisa, kama mtu anayefunika jambo.

Kesho yake, baada ya misa, alikwenda kumwona Apondi. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta na uso umevimba upande mmoja. Koti la mzee Nzomo lilikuwa limekunjwa vizuri miguuni pa kitanda.

"Mimi ndiye mwenye gari," Mwongeli alisema. "Pole sana, mama."

"Asante. Lakini kama umekuja na maneno ya yule kijana, rudi nayo."

"Kijana gani?"

"Ndugu yako. Alikuja jana jioni. Aliniomba nikiulizwa niseme yeye ndiye alikuwa dereva." Apondi alijisogeza kwa maumivu. "Dada yangu, mimi nilimwona aliyeshuka upande wa dereva. Mzee. Alinifunika koti lake akalia, akaniambia, 'Mama, sikukuona. Wallahi sikukuona.' Sasa niseme uongo, halafu bima ikigundua, mguu wangu utalipwa na nani?"

Kutoka hapo Mwongeli alikwenda moja kwa moja Ziwani, kwenye chumba alichoishi Muoki na baba yao. Hakuketi.

"Nani alikuwa kwa usukani?"

"Nilishasema," Muoki akajibu.

"Nimetoka kwa Apondi."

Mzee Nzomo ndiye aliyezungumza. Alikuwa ameendesha malori ya Busia maisha yake yote, mpaka daktari wa macho akamkataza, na leseni ilipoisha hakuihuisha tena.

"Nilimsumbua mimi," alisema. "Nilimwambia aniachie kidogo tu, barabara za ndani, tukitoka kliniki. Kidogo ikawa kila Jumamosi. Tulikuwa tunaosha gari ili usione alama za mikono yangu kila mahali nikipapasa."

"Na ungeniachia hii maneno ingeisha," Muoki alidakia. "Mimi niko na leseni. Bima italipa mama, itatengeneza gari, mzee hataguswa. Unataka kumpeleka baba yako kortini?"

"Nataka kujua kama kuna kingine mnanificha."

"Hakuna."

Alimtazama machoni, na kwa mara ya kwanza hakuweza kujua kama ndugu yake anasema kweli.

Mpelelezi wa kampuni ya bima, Abdiqadir, alikutana naye siku chache baadaye katika mkahawa karibu na kazini kwake. Alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha Mwongeli.

"Dereva alikuwa nani?" aliuliza.

Mwongeli alikunywa chai iliyokuwa moto bado. Ikamuunguza.

"Baba yangu. Hana leseni. Na macho yake ni mabovu."

Abdiqadir aliweka kikombe chini. "Mama aliyeumia atalipwa, sheria inatubana. Gari lako hatutalitengeneza. Na tukishamlipa, kampuni inaweza kukudai wewe."

"Mimi nilimwazima kaka yangu. Sikumwazima baba."

"Kaka yako alilipata kwako, akampa baba yako. Ruhusa ilianzia kwako, dada. Hukuwahi kuona dalili yoyote?"

Alifikiria kiti. "Niliona," akasema. "Nikauliza mara moja, nikaachia hapo."

Mzee Nzomo alikwenda kituoni mwenyewe kubadilisha taarifa, Mwongeli akiwa amemshika kiwiko. Korti iliwatoza faini mzee na Muoki. Apondi alilipwa, na baadaye barua ya madai ikamfikia Mwongeli kama alivyoambiwa. Aliuza mabaki ya Vitz kwa fundi wa Kariobangi na akaanza kulipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Muoki hakumsemesha kwa miezi mingi. Siku aliyomsemesha alikuja mpaka Eastleigh, akasimama mlangoni mwa duka.

"Apondi amerudi sokoni," alisema. "Mzee huenda huko kila Jumamosi, anamsaidia."

"Anamsaidia nini, na haoni?"

"Enda uangalie, kama huniamini."

Hakumwamini. Jumamosi alitoka kazini mapema akaenda. Alisimama nyuma ya kibanda cha viazi kama mwizi, akachungulia. Apondi alikuwa akiuza, gongo la kutembelea limeegemezwa mezani. Kando yake, juu ya kreti, mzee Nzomo alikuwa akifunga mafungu ya sukuma wiki kwa kupapasa, akiyapima unene kwa vidole. Wawili hao walikuwa wakibishana juu ya bei ya nyanya.

Mwongeli alisogea. Mzee aliinua kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba."

"Umekuja kuhakikisha."

"Nimekuja kununua mboga," alisema Mwongeli.

Mzee alicheka, akampimia fungu kubwa.