Nimeirudisha

Gari letu dogo la rimoti lilipoacha kutii, nilijua kwa masikio kabla ya macho. Injini zile ndogo, ambazo silinda zake hazizidi kidole gumba, hulia kama nyuki aliyefungiwa koponi. Dereva akiachilia, mlio hushuka. Wa gari letu haukushuka. Ulipanda. Gedion, ndugu yangu mdogo, alikuwa amekamata rimoti kwa mikono miwili, akibonyeza breki, akinitazama mimi badala ya gari.

"Ndwiga," alisema, "haisikii."

Hiyo ilikuwa Ruiri, Agosti, miaka mitatu iliyopita, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe siku isiyo ya mnada.

Mimi ni fundi wa pikipiki na misumeno ya injini huko Kibugu, chini kidogo ya msitu. Gedion alifundisha jiografia Gachoka. Tangu baba afe tulikuwa tunasalimiana tu, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyepaswa kumpeleka hospitali mapema. Halafu rafiki yake aliyekuwa ng'ambo akamletea gari hilo, dogo la kubebwa kwapani, lakini linakunywa mafuta na kutoa moshi kama magari ya watu. Akalipandisha hadi karakana yangu akauliza kama linaweza kuongezewa mbio.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Tuliyapanua matundu ya silinda kwa tupa nyembamba kama sindano, tukaisugua ndani kwa msasa laini, tukafunga kabureta kubwa zaidi. Ukizidisha unywele mmoja, injini imekufa. Nikiingiza tupa, Gedion alizuia pumzi, na nilipoitoa tulipumua pamoja. Juu ya baba hatukusema neno. Hatukuhitaji tena.

Tukaanza kuliingiza kwenye mashindano ya magari kama hayo, na mpinzani wetu alikuwa Kailemia, mwenye duka la dawa za mifugo Ruiri. Alikuwa ametushinda mara mbili, kwa upole, jambo lililoniuma zaidi. Nilitafuta cha kubadilisha nikakiona. Kwenye kabureta kulikuwa na springi ndogo yenye kazi moja: betri inayopokelea amri za rimoti ikikata, iivute kabureta ijifunge na gari lizime. Lakini springi hiyo ilishindana na mota inayofungua kabureta, gari likachelewa kuondoka. Nikaitoa. Gari likaruka kama swara.

Gedion alipoona, hakupandisha sauti. Aliniambia niirudishe kabla ya mashindano, nami nikakubali. Asubuhi ya Ruiri aliuliza tena, ameinama anafunga kamba za viatu.

"Ile springi?"

"Nimeirudisha."

Hakukagua. Hakuwahi kukagua kazi yangu.

Kwenye mzunguko wa nne tulikuwa mbele ya Kailemia. Gari likaruka tuta, waya wa betri ukachomoka, na kabureta ikabaki wazi kabisa. Gari likaacha njia likaelekea kwenye turubai ambapo akina mama wa kanisa walikuwa wakipakua githeri ya mahindi na maharagwe, wametugeuzia migongo. Lilikuwa kilo tatu na nusu za chuma na plastiki, likienda mbio kuliko pikipiki. Mimi nilisimama. Gedion alitupa rimoti, akakimbia kwa kukata kona, akaweka mguu wake mbele.

Mfupa ulivunjika chini ya goti. Nilipomfikia alikuwa anacheka kwa maumivu, akinituma niangalie injini kama imepona. Siku ya tisa, akiwa nyumbani na plasta, damu iliyoganda mguuni ilipanda hadi kwenye mapafu. Mkewe, Wambeti, alikuwa amekwenda kumletea uji.

Watu walisema ni ajali. Kailemia alilia mazishini kuliko mimi. Nikarudi karakanani, na hapo ndipo mlio ule uliponipata. Mteja anawasha msumeno, anauachilia, nami nasimama na spana mkononi nikisubiri sauti ishuke. Hushuka kila mara. Kati ya kuachilia na kushuka kuna nafasi ndogo sana, na Gedion yumo humo, ananitazama.

Mwaka wa pili nilimwambia Wambeti. Alikuwa amehamia kwa mama yetu, na siku hiyo tulikuwa tukichuma chai wawili, vikapu mgongoni. Nilimweleza yote: springi, kamba za viatu, nilivyojibu. Mikono yake ilisimama juu ya majani.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi asijue, shemeji. Amezika mmoja. Usimfanye azike wa pili."

Akaendelea kuchuma. Hakunisamehe, wala hakunilaani. Mstari ulipokwisha aliingia mstari mwingine, mbali na wangu.

Siku hizi kila Jumapili baada ya misa tunakula kwa mama. Anapakua chakula, anafumba macho, anamshukuru Mungu kwa mvua, kwa chai, na kwa kumwachia Ndwiga, mtoto mwaminifu, amtazame uzeeni. Wambeti huinamisha kichwa. Mimi husema amina, na mama hungoja nianze kula kwanza.