Hereni za Mama Kwenye Masikio ya Hayley

Uvumi niliusikia kwa muuza samaki pale mjini Chatham, Uingereza, eti watoto wa shule wana sherehe ya kuvaa kama machavi, tusi la huku kwa vijana maskini wa suti za mazoezi na dhahabu kubwa, ili wachekane. Nikamwambia kasikia vibaya. Kwetu Waromani, watu wa karavani, chavi ni mtoto. Bibi yangu aliniita hivyo tangu nabebwa. Lakini uvumi ulinikwama kama mwiba wa samaki.

Binti yangu Mizelli alikuwa na rafiki kutoka nyumba za matofali, Hayley. Siku ya kwanza kuja kwenye karavani letu, nyumba yetu ya magurudumu, alinawa mikono kwenye beseni la vikombe. Kwetu beseni la vyombo likinawiwa mikono limenajisika; mama mkwe akalibeba, akalitupa jalalani.

"Mama, ni mgeni, hajui."

"Basi na lugha asiijue."

Nikanunua jingine. Hayley akaizoea chai yetu, akanisikia nikimwita Mizelli chavi, akasema, "Na mimi niite chavi, mama." Nikamwita.

Wiki ile ile akaja kuazima hereni zangu, zile za duara kubwa za dhahabu alizoniachia marehemu mama. "Nina sherehe, mama. Kesho zinarudi." Sikuiunganisha na ule uvumi. Nikamvalisha kwa mikono yangu. Kisanduku cha hereni akakisahau mezani, na Mizelli, ambaye hakualikwa, akamfuata nacho.

Akawakuta wamejipaka rangi midomoni, wamevaa suti za mazoezi, wanapayuka. Katikati yuko Hayley na hereni za mama, mkono kiunoni, ananiigiza: "Njoo unywe chai, chavi wangu." Watu wanajishika mbavu.

Alipomwona Mizelli akasema, "Usinune, shoga. Neno chavi limetoka kwenye jina la Chatham, kila mtu anajua. Wala si lenu."

Bibi yangu alilitamka kabla hajawahi kuiona Chatham.

Mizelli alirudi na kisanduku kitupu.

"Chavi wangu, kuna nini?"

"Usiniite hivyo tena. Mbele ya watu wala humu ndani."

Hereni tulizikuta mlangoni ndani ya bahasha. Mizelli hazigusi wala kuzitazama, na nikisahau nikamwita vile, haitiki.

Wewe mwenye binti, epuka haya:

Kuazimisha dhahabu ya marehemu.

Kumpa mtoto wa watu jina unalomwitia wako.

Kumpinga mama mkwe kwa ajili ya beseni.

Kubishana neno limetoka wapi na mtu anayekutukana nalo.

Kusikia uvumi sokoni ukafika nyumbani usimuulize mwanao.