Firigisi Iliyosagwa

"Ya biashara, mama, au ya nyumbani?" muuza duka alimwuliza Dina. Na Dina, mke wa watu, mama wa Dorika, mwimbaji wa kwaya kule Ulemo, akadanganya mchana kweupe. Alisema ni ya sambusa.

Sambusa gani! Tangu azaliwe Dina hajakunja sambusa hata moja. Lakini angemwambia nini mtu wa dukani, hapo Singida mjini? Kwamba nimemuumbua baba mkwe wangu mbele ya ukoo, sasa natafuta mashine ya kusagia nyama nimwombe nayo radhi? Maneno kama hayo hayasemeki dukani, watu wamesimama nyuma yako wanasubiri misumari.

Muuzaji akamwekea mashine mbili juu ya meza. "Hii ya alumini ni nyepesi na inang'aa," akasema, "ila ukikutana na jogoo wa kienyeji itakuaibisha. Chukua hii ya chuma. Kisu chake upande bapa uangalie nje, ulale sawasawa kwenye hii sahani ya matundu. Kikicheza, nyama itapondeka badala ya kukatika. Na chuma adui yake ni maji. Ukimaliza fungua kila kitu, osha, futa, anika juani, halafu paka mafuta kidogo. Alizeti si mnayo kwenu?"

Dina akaitikia, akabeba mzigo wake. Hilo neno "anika" lilimpita sikioni kama mengine. Laiti angejua.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye koti. Koti la Mzee Hezekia, baba wa mumewe, ambalo Dina alikuwa akilifua akakuta mfukoni kitu kigumu kimefungwa kwa kipande cha kalenda. Kufungua, firigisi! Firigisi nzima, imekauka, ile ile aliyompikia Jumapili iliyopita.

Sasa, firigisi si mnofu wa kawaida. Nyumbani kwa Mzee Hezekia kuku akichinjwa firigisi ni ya baba. Mtoto haigusi, mwanamke haionji, na mpishi akiikosesha sahani ya mzee atajieleza. Basi mzee anayepewa firigisi akaificha mfukoni ana maana gani? Dina akaipata maana upesi, na haraka haina baraka: baba ananiogopa. Anadhani namtilia dawa kwenye chakula. Jamani, baba mkwe wangu ananiona mchawi!

Angemwambia mumewe, Leonidas, yangeishia chumbani. Lakini hasira ilimpanda, akaenda kuyamwaga kwa shoga yake Scola wakiwa wanangoja zamu kwenye mashine ya kukamua alizeti. Na kumwambia Scola jambo ni sawa na kulitangaza kanisani. Habari zikamfikia shangazi Rahabu, dada yake mzee, mama asiyependa mambo ya chini kwa chini. Akaitisha kikao cha ukoo, akamwita na Scola aje kuwa shahidi.

"Hezekia," akasema Rahabu watu walipokwisha kukaa, "huyu mtoto wa watu amekukosea nini hata umwone mchawi?"

Mzee alikuwa amekaa kama kawaida yake, kiganja mdomoni. Miaka yote walidhani ni ustaarabu wake tu. Akakishusha kile kiganja, akapanua kinywa na kugeuza uso huku na huku ili kila mtu aone. Zilikuwa fizi tupu. Huko nyuma yalibaki meno mawili, nayo hayakutani.

"Firigisi inataka meno," akasema polepole. "Nikiirudisha, mtasema nimemkataa mkwe wangu. Kuitafuna siwezi. Nikawa nampa mbwa. Hiyo moja niliisahau."

Wote wakatazama chini. Dina hakuwahi kumwona baba mkwe wake akila. Yeye hupeleka chakula, hunawisha watu, hurudi jikoni, ndivyo heshima inavyotaka. Kwa hiyo hakujua, lakini kutojua kulimsaidia nini? Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu mzima, baba wa mume wake, kalazimika kuonyesha kinywa mbele za watu kama ng'ombe mnadani, na yote hayo ni kwa ajili ya mdomo wake yeye. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wa Dina uliponza kichwa cha mwingine.

Ndiyo maana akaenda mjini. Leonidas akaifunga mashine kwenye meza ya jikoni, akakaza skrubu mpaka meza ikalia. Siku ya kwanza Dina alisaga nyama ya mbuzi, akaikaanga na vitunguu, akaipeleka kwenye kibakuli chenye kifuniko. Kibakuli kilirudi cheupe, na mzee akauliza kama jikoni kumebaki kidogo. Dina alisimama karibu na mafiga, machozi yanamtoka, anacheka peke yake kama mwehu.

Furaha ikamsahaulisha maagizo. Aliosha vyuma vyake, akaviacha vimelala kwenye beseni, na asubuhi akavikuta vimeota kutu. Lo! Akavisugua kwa majivu mpaka vidole vikamchubuka. Tangu hapo akawa mtu wa utaratibu: akimaliza kusaga anafungua, anaosha, anafuta, anavipanga vyote juu ya kichanja cha vyombo pale uani ili jua livikaushe. Na kichanja hicho kiko kando ya njia.

Scola akapita. Akakiona kisu, akaiona na ile sahani ya matundu, akapiga kofi.

"Heee! Leo meno ya mzee yameanikwa!"

Waliokuwa nyuma yake na ndoo zao wakaangua kicheko. Dina akatoka mbio kumnyamazisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mzee Hezekia alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, anapukuchua mahindi. Alinyanyuka, akajikung'uta, akaingia ndani. Jioni hiyo kibakuli kilirudi kama kilivyokwenda, hata kifuniko hakijaguswa.

"Mwambie mama yako," mzee alimwagiza Dorika, "mimi nyama basi. Mlenda unanitosha."

Dina akamfuata, akapiga magoti. "Baba, nisamehe."

"Umekosa nini, mama? Mashine ni nzuri sana. Mimi ndiye niliyechakaa."

Heri angempiga fimbo! Dina alitoka pale hajui auweke wapi uso wake. Alikuwa ameanza kwa kumtangaza mzee kwa maneno, sasa anamtangaza kwa vyombo.

Mambo yakiwa hivyo ikaja habari kwamba Mzee Alute anakuja. Huyu ni rafiki wa ujana wa Mzee Hezekia. Walichunga ng'ombe pamoja, wakaoa mwaka mmoja, kisha Alute akahamia Nduguti na hawakuonana kwa muda mrefu. Mzee akaamuru jogoo mkubwa achinjwe. Halafu akamwita Leonidas pembeni, na Dina aliyekuwa akifagia akayasikia aliyosema.

"Hapa kijijini wote wananicheka, sawa. Alute asijue. Abaki japo mmoja anayenijua nikiwa mzima."

Basi siku ilipofika Dina alisimama jikoni na ile firigisi mkononi. Akiipeleka nzima, mzee atahangaika nayo mbele ya mgeni anayekula naye sinia moja. Akiipeleka imesagwa, mgeni atauliza. Akaisaga. Akaikaanga, akaifunika kwenye kibakuli, na kisha ujasiri wa kukipeleka ukamwisha. Akapeleka kuku na ugali, kibakuli akakiacha jikoni. Mashine akaivingirisha kwenye khanga na kuisukuma uvunguni.

Mzee Alute alikuwa mtu wa utani na sauti kubwa. Alinawa, akamega tonge, akawa anapekua mchuzi kwa macho.

"Hezekia, ndugu yangu! Jogoo mkubwa hivi hakuumbwa na firigisi? Ya mwenyeji sijaiona!"

Leonidas akaanza kuhesabu mabati ya paa. Kiganja cha Mzee Hezekia kikapanda taratibu kuelekea mdomoni. Dina alikuwa bado ameshika jagi la maji ya kunawa, na alipokiona kile kiganja akasogea mbele.

"Ninayo mimi, baba," akasema.

"Unayo wewe?" Alute akauliza.

"Meno yananisumbua, baba. Nina mashine, huwa najisagia nyama. Leo nikaisaga na firigisi, nile mwenyewe. Ni tamaa tu. Naomba mnisamehe."

Alute akaacha kutafuna. "Mwanamke anamlia baba mkwe firigisi? Mama yako hakukufunza, binti?"

Mama yake Dina alikuwa mtu mwenye kusifiwa kwa malezi kijiji kizima. Dina aliyameza hayo.

Mzee Hezekia alimtazama. Kisha akauliza, "Imebaki?"

"Imebaki yote, baba. Iko jikoni."

"Ilete."

Akaileta kwa mikono miwili, magoti chini. Mzee akafunua kibakuli, akamega ugali, akachota nusu sawasawa na kuila mbele yao bila kujificha na kiganja. Alute akaona zile fizi zikifanya kazi yake. Mzee alipomeza akamgeukia rafiki yake.

"Huyu meno yake ni mazima, Alute, hakuna hata moja linalomuuma. Aliyefunzwa hivi na mama yake mimi simjui mwingine."

Mzee akakisukuma kibakuli mpaka mbele ya magoti ya Dina.

"Kaa hapa. Kula hiyo iliyobaki."

"Baba, firigisi…"

"Kula, mwanangu."

Dina akala, uso chini, masikio yanamwaka kwa aibu. Ilikuwa laini, na chumvi ilizidi kidogo. Wanaume watatu wakamngoja, hakuna aliyegusa sinia mpaka alipomaliza.